Mama Nukta na Bomba Nililolipigia Debe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho hata ukiona mambo ya kompyuta yamejaa huku mwanzoni, kwa sababu tatizo langu si la kompyuta, au labda lilianza kuwa la kompyuta lakini sasa limeingia moyoni na sijui nilitolee wapi.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, naandika programu katika ofisi ndogo ya watu watano, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na kazi yetu kubwa ni programu ya benki ya damu, ile inayowaambia wahudumu wa hospitali kuna mifuko mingapi ya kundi gani na upi muda wake unakaribia kwisha. Aliyenifundisha kazi hii ni mama mmoja wa miaka hamsini na sita ambaye ofisini tunamwita Mama Nukta, na nitakueleza hilo jina limetoka wapi. Nilipofika pale nilikuwa najua vitabu tu, kazi siijui, na huyu mama hakuwahi hata siku moja kuninyang'anya kibodi, alikuwa anavuta kiti anakaa ubavuni kwangu ananiambia, "Andika wewe mwanangu, mimi nipo hapa hapa," na nikikosea ananyamaza mpaka nilione kosa mwenyewe, hata kama ni nusu saa.

Sasa mshauri, ukitaka kuiambia kompyuta ichukue orodha ya damu yote, iondoe iliyopita muda, iipange kwa makundi halafu ihesabu, kuna namna mbili za kuandika. Kuna ya nukta, unataja kitu unaweka nukta unataja kazi unaweka nukta tena unataja kazi nyingine, zinashikana kama pingili za mnyororo, ila kila kazi lazima iwe ambayo kile kitu chenyewe kinaijua. Na kuna ya bomba, ambapo kati ya hatua na hatua unaweka alama ya mstari uliosimama na kishale, na data inatiririka kutoka hatua hii kuingia ile kama maji, na hapo unaweza kuunganisha kazi yoyote hata uliyoiandika jana. Mashine haijali, jibu ni lile lile. Mama Nukta anapenda nukta, ndiyo asili ya jina lake. Mimi nilipenda bomba, na sikulipenda kimya kimya, nililipigia debe. Nikaleta mifano, nikabandika karatasi ukutani, nikaanza kuitwa Fundi Bomba na nikafurahi.

Miezi mitatu iliyopita mkuu wetu akaitisha kikao tuamue kwa kura. Wanne tukataka bomba, mmoja akakataa. Mama Nukta alisema maneno machache tu, "Nukta hazijamkosea mtu hapa," na mimi, mshauri, mimi niliyelelewa naye kikazi, nikamjibu, "Mama, dunia imeshahama, wewe bado unafunga mizigo," na watu wakacheka na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye akatabasamu akaangalia meza.

Ikaamuliwa mafaili yote ya zamani yahamishwe kwenye bomba, na kwa kuwa mengi aliyaandika yeye, akapewa yeye ayahamishe. Akawa anakuja alfajiri kabla hata mlinzi hajafungua lango vizuri. Mwezi uliopita mkaguzi wetu, yule anayejaribu kazi zetu kabla hazijatoka, akagundua ripoti moja inahesabu mifuko iliyopita muda kama mizima. Hatua ya kuiondoa haikuwepo. Haikufika hospitali, namshukuru Mungu, lakini faili lilikuwa la Mama Nukta, na mkuu akaitisha kikao akasema mbele yetu sote kwamba kosa kama hilo likirudiwa itabidi waangalie mkataba wake. Kitu ambacho sijamwambia mtu ni kwamba Mama alikuwa ananakili kutoka kwenye mfano niliouandika mimi, na katika mfano ule nilipanga hatua tatu kwenye mstari mmoja mrefu kwa madoido tu, mstari unaokimbilia kulia mpaka unakaribia kutoka nje ya skrini, na hatua aliyoiacha ndiyo ile ya mwisho kabisa upande wa kulia. Niliiona palepale kwenye kikao. Nikanyamaza.

Wiki moja baadaye nilirudi ofisini wakati wa chakula kuchukua mwavuli nikamkuta peke yake, amevaa visikizio, uso umekaribia kugusa skrini, na alikuwa haoni kwamba nimesimama ubavuni kwake. Nikamgusa bega akashtuka. Nikauliza, "Mama, unasikiliza nini?" Akanitazama, kisha akavua kisikizio kimoja akanivisha mimi. Ilikuwa sauti ya mashine inasoma faili, haraka haraka, na kila ilipofika kwenye bomba ilikuwa inautaja ule mstari na kishale chake, "mstari wima, kubwa kuliko," hatua moja, "mstari wima, kubwa kuliko," hatua nyingine, mpaka nikasahau kilichosemwa mwanzo. Akaniambia ana presha ya macho, mwaka wa pili huu, anaona katikati tu, pembeni giza. Akasema, "Hata macho yangu yamehamia kwenye bomba, mwanangu, nachungulia," akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Akasema nukta mashine haizitamki, inapumua kidogo tu inaendelea, ndiyo maana alizitetea. Kisha akanishika mkono akaniomba nisimwambie mtu yeyote, maana akitoka hapo kwa umri wake nani atampa kazi. Nikaahidi.

Na juzi mkuu ameniita akaniambia nichukue mafaili ya Mama Nukta yote, niwe kiongozi wa kazi hiyo, na nimpe jibu mwisho wa mwezi. Nikikubali nimemsukuma mwalimu wangu nje kwa mikono yangu. Nikikataa wataniuliza sababu. Nikisema turudi kwenye nukta wataniuliza umelogwa, si wewe uliyebandika makaratasi ukutani. Nikisema ukweli nimevunja ahadi. Na kila siku namwona anaweka kikombe cha chai polepole akipapasa ukingo wa meza kwanza, nami najifanya sioni. Mshauri, nichague nukta au nichague bomba, au niache kazi kabisa? Nisaidie, sili vizuri.

Wako,
Fundi Bomba

MSHAURI ANAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii sikuichapa ilipofika. Ilikuwa na siri ya mtu ambaye hakuniandikia, na gazeti halitunzi siri. Nilimjibu binti kwa mkono nikaipeleka posta. Leo naichapa pamoja na jibu kwa ruhusa yao wote wawili, na yaliyoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Nilichomwandikia ni hiki.

Binti yangu, kwanza kula. Mtu hafikiri vizuri tumbo likiwa tupu, na wewe una mambo ya kufikiri.

Nikiri kwamba bomba ninalolijua mimi ni la jikoni. Kwa hiyo barua yako nilikwenda nayo kwa jirani yangu anayefanya kazi kama yako, bila kumtajia mtu, nikamwambia anieleze nukta na bomba kama anavyomweleza mtoto. Akanieleza mchana mzima kwa kutumia vijiko vyangu. Nilichoelewa ni kwamba mashine haijali, kama ulivyosema, na kwamba haya yote mnaandikiana ninyi watu. Sasa kama mnaandikiana watu, mbona ulipokuwa unabandika makaratasi ukutani hukumuuliza msomaji wako mmoja anasomaje?

Nakugombeza kidogo, usiondoke.

Umeniandikia kurasa nne mimi nisiyekujua. Umeniuliza uchague nini, ukubali nini, uache nini. Yule unayekaa naye ofisi moja hujamuuliza swali hata moja. Umeona mwanamke anayepapasa ukingo wa meza ukajifanya huoni, ukadhani hiyo ni heshima. Si heshima, binti yangu. Ni woga uliovaa nguo za heshima. Yeye alipokuvisha kile kisikizio alikuwa amekwisha kukufungulia mlango. Wewe umebaki kizingitini na mwavuli wako.

Najua unampenda. Mtu asiyempenda mwenzake haoni anavyoweka kikombe. Ndiyo sababu nakusema.

Sasa sikiliza. Una mambo matatu na umeyafunga kwenye furushi moja, ndiyo maana limekulemea. La kwanza ni lako: ulimcheka mbele za watu, na ulinyamaza alipolaumiwa kwa mstari wako. Hilo halihusiani na macho yake. Hata angekuwa anaona mpaka ng'ambo ya mji, ungekuwa na deni la kuomba radhi. Kamwombe. Usiichanganye radhi na msaada, maana ukifika na maneno ya "nisamehe, na nimekuletea dawa," atadhani umemhurumia, na huruma si kitu alichokuomba. Omba radhi, nyamaza, umpe nafasi akasirike akitaka.

Kisha nenda kwa mkuu wako, kabla ya mwisho wa mwezi, ukamwambie ule mstari mrefu uliandika wewe kwa madoido na ndio uliompoteza mwenzako. Hapo huvunji ahadi yoyote. Unasema kosa lako, si ugonjwa wake. Na kuhusu uongozi, mwambie, "Sijawa tayari kujibu." Ni kweli, na kweli haihitaji maelezo. Akikuuliza mara ya pili, rudia maneno yale yale.

La pili, la nukta na bomba, ndilo dogo kuliko yote, na ndilo umelifanya kubwa. Jirani yangu ananiambia zile programu za kusoma skrini zinaweza kufundishwa, alama fulani itamkwe hivi au isitamkwe kabisa. Sijui kama mama huyo anajua. Lakini nakuonya: usiende na jibu mfukoni. Usimwambie "turudi kwenye nukta," usimwambie "nimekuwekea hiki." Muulize, "Mama, ungependa tuandikeje?" Halafu vuta kiti, kaa ubavuni kwake, na kibodi mwachie yeye. Nadhani unajua mtu anavyokaa hivyo, ulikaliwa.

Na la tatu si lako, ni lake, lakini mfikishie salamu zangu. Mwambie mshauri wa gazetini, mwanamke wa umri wake, anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Macho ni yake na siri ni yake, wala hakuna mwenye haki ya kumtangaza. Ila ile damu ni ya mgonjwa aliyelala kitandani, hajui nukta wala bomba, anasubiri mfuko mzima. Mtu anayesoma kwa masikio anaweza kufanya kazi hiyo vizuri, bora wenzake wajue wamwandikieje. Asipowaambia, atakosea tena, na safari nyingine mkaguzi anaweza asione. Amwambie mkuu mwenyewe, kwa mdomo wake, siku anayoichagua yeye. Akitaka mtu wa kuingia naye, miguu unayo. Akisema asubuhi hii, usiseme kesho.

Kazi usiache. Ukiacha, mafaili yatachukuliwa na mwingine, na mwalimu wako atabaki hapo bila hata mtu mmoja anayejua kwa nini anakuja alfajiri.

Nenda kesho, wakati wa chakula. Na wewe uwe umekula.

BARUA YA PILI

Mpendwa mshauri, nilikwenda siku ile ile barua yako iliponifikia, sikungoja kesho, na nilikuwa nimekula.

Nilimkuta Mama Nukta kwenye benchi nyuma ya ofisi anakula peke yake. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa kile kicheko cha kwenye kikao cha kura na kwa mstari wangu uliompoteza. Akaendelea kula mpaka nikadhani hakunisikia. Mwisho akasema, "Kicheko nilikisikia. Macho ndiyo mabovu." Kisha akasema, "Kile cha mstari sikukijua. Niliamini nimezeeka kweli." Hapo nikalia mshauri, na yeye akanipa kitambaa chake cha mkononi akaniacha nilie, hakuninyamazisha.

Kwa mkuu nilikwenda mchana ule ule kuhusu mstari. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ya kikao, nikamwambia niliogopa, akasema haya, ameandika. Kuhusu uongozi nilimjibu kama ulivyonifundisha, mara mbili.

Halafu nikamuuliza Mama swali lako, angependa tuandikeje. Nilikuwa na hakika atasema nukta. Akanishangaa. "Nani kakwambia nataka nukta zirudi?" akasema. "Bomba lenu ni zuri, hatua moja mstari mmoja, nikisikiliza sipotei. Kinachoniua ni lile jina mashine inalolitaja, na nyinyi mnaopanga hatua tatu pamoja kama mnapakia gari." Miezi mitatu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kuhusu kuifundisha mashine alikuwa hajui, alidhani sauti ile imekuja hivyo na itabaki hivyo. Tukakaa, yeye kwenye kibodi, mimi ubavuni, ikatuchukua siku mbili maana maelekezo yalikuwa yameandikwa na mtu asiyependa watu. Tulipofika mahali pa kuandika neno la kutamkwa, nikauliza tuweke nini, bomba? Akafikiri akasema, "Hapana. Weka neno 'kisha'."

Siku ya kumwambia mkuu alichagua Jumatatu. Tuliingia kwa mkuu pamoja, nikakaa, nikafunga mdomo. Alimweleza yote, presha ya macho, alfajiri zake, visikizio. Mkuu akauliza kama anaruhusiwa kuwaita wenzetu, Mama akasema waite. Salamu zako nilikuwa nimempa, akasema mwambie huyo mama wa gazetini ana mdomo mkali lakini achape tu, wako wengi wanaopapasa meza.

Sasa tuna utaratibu ofisini. Kazi ambayo ni ya kitu chenyewe inaandikwa kwa nukta, kazi zinazotoka kwingine zinapita kwenye bomba, na hatua moja ni mstari mmoja, hakuna anayeruhusiwa kuvuka. Mkaguzi anasema hata yeye mwenye macho mawili mazima sasa anaona makosa upesi. Mafaili tunayahamisha wawili, na kwenye karatasi ya kazi hiyo jina la kiongozi ni la Mama. Alhamisi mbili kila mwezi nampeleka kliniki. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, akiweka dawa kila siku bila kuruka.

Siku ile ya Jumatatu wenzetu walipoingia, mkuu alimwomba Mama atuonyeshe anavyosoma. Akafungua lile lile faili lililoleta matata, aliloliandika upya, akaongeza sauti ya spika. Tukasimama wanne kuizunguka meza yake, na mashine ikasoma: damu yote, kisha ondoa iliyopita muda, kisha panga kwa kundi, kisha hesabu.

Mkaguzi alikuwa ameangalia viatu vyake.

Mkuu akauliza kama inaweza kusoma tena, polepole.

"Inaweza," Mama akasema, na vidole vyake vikatafuta kitufe. "Mimi siisikilizi polepole hivyo, lakini kwa ajili yenu."